Kabla ya kuniuzia akaunti, nisikize kwanza

Uchumi ukibana, benki nyingi hufanya mambo mawili. Kuna zinazokata pesa za matangazo na kujificha mpaka mambo yatulie. Na kuna zinazopiga kelele zaidi: tisheti mpya, spika kubwa kwenye stendi ya matatu, kijana anakufuata na fomu ukitoka darasani, ujumbe tatu kwa simu kabla ya saa nne. Zote zinadhani shida ni sauti, kwamba imekuwa chini sana au haijapanda vya kutosha.

Historia ya hapa kwetu inasema kitu tofauti. Benki iliyofanya maajabu makubwa ya mauzo Kenya ilianza safari hiyo ikiwa imefilisika, katika mwaka mmoja mbaya zaidi ambao uchumi wetu umewahi kuona, bila pesa ya kununua hata tangazo la maana kwenye redio. Ilipona kwa sababu ilinyamaza kwanza ikasikiza watu. Hadithi ya Equity inajulikana, ndio. Lakini huwa inasimuliwa kama hadithi ya tajiri mmoja aliyefaulu. Mimi naona ni hadithi ya kuuza. Na kwa wasee wengi wa rika letu ambao kazi yao ya kwanza ni kuuza akaunti za benki kwa kamisheni, hii historia inawahusu moja kwa moja.

Mwaka ambao pesa iliyeyuka

Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa 1993, kwa hivyo wacha nichore picha.

Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada yao kwa serikali ya Moi, wakidai mageuzi ya siasa na uchumi. Desemba 1992 tukawa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, na pesa zikamwagwa kwa kampeni mpaka noti ya shilingi 500 ikapewa jina la utani, Jirongo, kwa sababu ya kiongozi wa kundi la vijana wa kampeni, YK '92. Wakati huo huo Goldenberg ilikuwa inanyonya hazina ya taifa, mabilioni yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo Kenya karibu haina.

Matokeo yalifika jikoni. Mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa takriban asilimia 46. Yaani kitu cha shilingi 100 Januari, ungekipata karibu shilingi 150 mwaka ukiisha. Shilingi ikaanguka vibaya mbele ya dola. Ili kufyonza pesa zilizozagaa, serikali ilianza kuuza hati zake za mkopo wa muda mfupi kwa riba iliyovuka asilimia 70. Sasa fikiria wewe ni benki. Serikali inakupa zaidi ya asilimia 70 kwa kukaa tu. Utajisumbua aje na fundi wa viatu wa Gikomba anayetaka mkopo wa ngozi?

Na watu walikuwa na sababu ya kuogopa benki, hasa zile ndogo za wenyeji. Katikati ya miaka ya themanini kadhaa zilikuwa zimeporomoka, na mwaka 1989 serikali ilianzisha Consolidated Bank ili kubeba taasisi tisa zilizokuwa zimezama. Mwaka 1993 zingine zikafungwa, Trade Bank ikiwemo. Mfuko wa kulinda akiba ulikuwa unalipa mpaka shilingi 100,000 pekee. Ulichoweka juu ya hapo, ungojee hesabu za mfilisi.

Kwa hivyo ukisema wakati mgumu, huo ulikuwa wenyewe. Mtu alikuwa anaogopa mambo mawili kwa pamoja: pesa kupungua thamani akiwa amezishika, na pesa kupotea kabisa akizipeleka benki.

Kidonda cha Murang'a

Katikati ya hiyo dhoruba kulikuwa na taasisi ndogo inaitwa Equity Building Society. Ilianzishwa 1984, Peter Munga akiwa mwanzilishi wake mkuu, na mizizi yake ilikuwa Murang'a. Haikuwa benki kamili. Ilikuwa chama cha kuweka akiba na kutoa mikopo ya nyumba.

Wazo lilikuwa zuri, lakini hesabu zilikuwa mbovu. Mkulima wa chai anaweka pesa leo na anaweza kuzitaka kesho. Mtu aliyekopeshwa kujenga nyumba atalipa kwa miaka mingi. Ukichukua pesa za yule wa kwanza ukampa wa pili, siku wa kwanza akizitaka utamwambia nini? Na mikopo yenyewe ilikuwa hailipwi.

Benki Kuu ilipoikagua mwaka 1993, ripoti ilikuwa kama cheti cha kifo. Asilimia 54 ya pesa zilizokuwa zimekopeshwa zilikuwa mashakani. Hasara iliyokuwa imejilimbikiza ilikuwa shilingi milioni 33, na mtaji uliolipwa na wenye hisa ulikuwa milioni 3. Pesa za kuwalipa wateja papo hapo zilikuwa asilimia 5.8, wakati sheria ilitaka asilimia 20. Akiba za watu zilikuwa zinatumika kulipia gharama za ofisi. Kwa hesabu, ilikuwa imefilisika.

Ndipo James Mwangi, mhasibu mzaliwa wa huko huko Murang'a, akaingia kusimamia fedha. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka Trade Bank, ile iliyofungwa. Alijua harufu ya benki inayokufa.

Sasa hapa ndipo somo letu linaanza. Ukiwa afisa wa mauzo wa taasisi kama hiyo, unauza nini? Huwezi kusema "sisi ni imara." Huwezi kushindana kwa riba na serikali. Huna pesa za bango. Jina lako liko kwenye kundi moja na zile zilizofungwa jana. Ulichobaki nacho ni wateja wachache ambao bado hawajatoa pesa zao.

Kwa hivyo swali la maana lilikuwa: hawa waliobaki, kwa nini bado wako hapa?

Kuuliza badala ya kutangaza

Jibu lilibadilisha biashara yote. Waliobaki hawakuwa wanataka nyumba. Walikuwa wakulima wadogo, watu wa sokoni, wa jua kali, watu wa mshahara mdogo. Walitaka mahali salama pa kuweka kidogo kidogo, na mkopo mdogo wa kununua mbolea, kulipa karo au kuongeza bidhaa dukani. Kuanzia 1994 Equity ikaachana polepole na ndoto ya nyumba ikawafuata hao. Mkulima wa chai ambaye malipo yake yanakuja kila mwezi akaweza kupata pesa mapema kwa kutegemea majani aliyokwisha kupeleka. Mtu asiye na hatimiliki ya shamba akaweza kukopa kwa dhamana ya vitu alivyo navyo nyumbani.

Angalia vizuri kilichofanyika hapo. Hakuna tangazo lililobadilishwa. Kilichobadilishwa ni kitu chenyewe kinachouzwa. Wengi tunafikiri kazi ya mtu wa mauzo ni kuchukua bidhaa ambayo wakubwa wameshaamua na kuipaka rangi. Wakati wa raha hiyo inawezekana. Wakati wa njaa mteja anaikwaruza rangi kwa ukucha aone kuna nini chini.

Upande wa pili wa barabara, benki kubwa zilikuwa zinaenda njia nyingine. Miaka ya tisini, Barclays na Standard Chartered zilifunga matawi mengi ya mashambani na miji midogo, na masharti ya kuweka akaunti yakapanda: salio la chini kubwa, ada za kila mwezi, barua ya kukutambulisha. Kwa vitabu vyao ilikuwa na maana, mteja mdogo ana gharama na faida yake ni kiduchu. Lakini kwa yule mteja, ujumbe ulikuwa wazi: hapa si pako. Huo pia ni uuzaji, bana. Kila ada unayoweka na kila mlango unaofunga ni tangazo, na watu wanalisoma haraka kuliko lile la gazetini.

Equity ikawachukua wale waliofukuzwa. Ikaondoa vizuizi kimoja kimoja, mpaka mtu akaweza kufungua akaunti kwa kitambulisho tu, bila kulazimika kuacha pesa nyingi zikilala ndani. Mwaka 2000 ikaweka kompyuta, na baada ya hapo ikaanza kupeleka benki kwa watu: magari yenye mashine na wahudumu, yakifika vijiji na vituo vidogo kwa siku maalum, kwa msaada wa pesa za Uingereza. Mama aliyekuwa anapoteza siku nzima na nauli kwenda mjini kuweka shilingi 300 sasa aliweka huku akiuza viazi.

Kisha, kuanzia 2001, wakafanya kitu ambacho ningependa kila mkubwa wa mauzo akikate na kukibandika ukutani. Wakishirikiana na MicroSave, watafiti wa huduma za fedha waliokuwa Nairobi, waliwakalisha wateja kwa vikundi wakawauliza: nini kinawaudhi? Majibu hayakuwa ya kupendeza. Watu walisema gharama za mkopo hazieleweki, kuna ada hapa na ada pale, mtu hajui atalipa ngapi mpaka akatwe. Equity ingeweza kuajiri mtu wa kueleza zile ada kwa lugha tamu zaidi. Badala yake ikazipunguza na kuzirahisisha, halafu ikawaambia wateja kwamba imefanya hivyo kwa sababu wao walisema.

Hicho kipande cha mwisho ndicho watu husahau. Ukisikiza ukabadilisha na usiseme, mteja hajui alisikizwa. Ukisema na hujabadilisha, anajua umemdanganya. Lakini ukibadilisha na ukasema, huyo mteja ataenda kwa chama, kwa kanisa, kwa base ya boda, na atakuuzia bure. Kwa miaka mingi ukuaji wa Equity ulibebwa hasa na midomo ya wateja wenyewe. Hata kauli mbiu yao ikaja kuwa ya mshirika wa kifedha anayesikiza na kujali. Kawaida kauli mbiu hutangulia kazi. Hii ilifuata kazi.

Hesabu zilisemaje

Na usifikiri nje kulikuwa kumetulia. Mwaka 1998 wimbi lingine la benki liliporomoka, Trust Bank ikiwa kubwa yao. KCB na National Bank, ambazo serikali ilikuwa na hisa nyingi, zilikuwa zinavuja damu kwa mikopo mibaya, mingine ya watu wenye majina makubwa. Mwaka 2000, ukame na mgao wa umeme ulifanya uchumi karibu usimame kabisa. Equity ilikua katikati ya hayo yote.

Mwishoni mwa 2004 ikageuka kuwa benki kamili ya biashara. Agosti 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi. Kufikia mwisho wa mwaka huo wateja walikuwa wamevuka milioni moja. Mwaka 2007 wawekezaji wa Helios wakanunua karibu robo ya hisa zake kwa takriban shilingi bilioni 11. Taasisi iliyokuwa na mtaji wa milioni 3 na hasara ya milioni 33, ndani ya miaka 14!

Zile kubwa nazo zikafanya nini? Zikarudi. Akaunti zisizo na salio la chini zikaanza kutangazwa kila mahali, matawi yakafunguliwa upya kwenye miji iliyokuwa imeachwa. Waliosema mama mboga hana faida wakaanza kumtafuta na mwavuli wenye nembo. Lakini mama mboga alikuwa anakumbuka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu rafiki alikuwa ameshapatikana.

Tusiimbe sifa sana

Sasa, historia ya kweli haina malaika. Si kusikiza peke yake kulikoinua Equity. Kulikuwa na pesa na ushauri wa wafadhili. Kulikuwa na kompyuta, ambazo bila hizo hao wateja wote wangekuwa foleni isiyoisha, na hata hivyo foleni zake za miaka hiyo zilikuwa ndefu kweli. Baada ya 2003 uchumi wa Kenya ulianza kupanda, na mtu yeyote aliye na mtumbwi bahari ikijaa anainuka. Na Equity haikuwa shirika la msaada: ilikuwa inatafuta faida, na ikaipata.

Kuna wale watasema, "Si ni ile tu ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?" Sikubaliani kabisa. Methali hiyo ni tamu, lakini 1993 kizuri kisingejiuza, kwa sababu hakuna mtu angekiamini. Benki haiuzi mandazi ambayo utaonja ujue. Inauza ahadi: nipe pesa zako leo, nitakurudishia kesho. Ahadi inahitaji mtu wa kuibeba mpaka kwa mteja, akae naye, ajibu maswali yake, arudi wiki ijayo na jibu lile lile. Ndiyo maana kazi ya mauzo ipo. Swali ni kama anayebeba amepewa ahadi ya kweli ya kubeba.

Na kuna jambo zito zaidi. Kusikiza ni silaha, na silaha haina dini.

Masikio mapya, kwenye simu

M-Pesa ilianza Machi 2007, na ghafla kila mtu akawa na kitu kama akaunti mfukoni. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya Safaricom na benki ya CBA. Kwa mauzo, ile ilikuwa kazi safi. Walisikiza vizuri sana: watu wanataka pesa kidogo, haraka, usiku, bila mdhamini, bila mtu kuwaangalia vibaya dirishani. Wakapewa hivyo. Machi 2015 KCB ikafuata kwa mtindo huo huo, na Januari 2019 Fuliza ikafika, unamalizia malipo hata kama salio halitoshi.

Halafu yakaja yale makampuni ya mikopo ya programu za simu, mengi yakiwa hayasimamiwi na mtu. Nayo yalisikiza, lakini yalikuwa yanasikiza simu yenyewe: orodha ya watu unaowajua, ujumbe wako, mienendo yako. Ukichelewa kulipa, mwalimu wako wa zamani anapigiwa. Mambo yalifika mahali kwamba Aprili 2020, korona ikiwa imeanza kutufungia ndani, Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwa CRB, na ikakataza mtu kuorodheshwa kwa deni la chini ya shilingi 1,000. Soma tena hiyo. Kuna Wakenya walikuwa wanawekwa kwenye orodha ya wasiokopesheka kwa pesa isiyotosha hata kujaza gesi. Sheria za kuwasimamia wakopeshaji wa simu zilifika Machi 2022.

Wazee walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa walipamba harusi vizuri, na matanga wakamwachia mteja.

Kwa hivyo tofauti iko wapi? Equity ya miaka ya tisini na yule mkopeshaji wa simu wote walisikiza shida ya mtu mdogo wakati wa shida. Mmoja alisikia "nina hofu ya kupoteza pesa zangu" akatengeneza mahali pa kuziweka, na alipokopesha, alilinganisha mkopo na mapato ya mtu: chai, duka, mshahara. Mwingine alisikia "nimebanwa" akauza kitu kinachombana zaidi mwezi ujao. Mauzo yote mawili yalipanda. Lakini watu huanza kutumia jina la mkopeshaji wa aina ya pili kama tusi, na mwishowe sheria inaletwa kumzuia.

Kwako uliyevaa tisheti

Najua baadhi yenu mnaosoma hii mko barabarani sasa hivi. Mmemaliza chuo, mmepewa tisheti, fomu na idadi ya akaunti za kufikisha kabla ya mwezi kuisha. Msipofikisha, mshahara ni hewa. Mnaanza na binamu, mnaenda kwa marafiki wa kanisa, mnamaliza kwa askari wa geti. Nusu ya hizo akaunti zinalala siku ileile zinafunguliwa, na wewe unajua, na bosi wako anajua, na ripoti inaenda juu ikisema kampeni imefaulu.

Hii si kosa lako. Ni kipimo kibaya. Benki inayohesabu akaunti zilizofunguliwa badala ya akaunti zinazotumika inajidanganya kwa gharama ya jina lako mtaani. Unachoma watu wako wa karibu kwa kamisheni ya mwezi mmoja, na siku utakapokuja na kitu kizuri kweli, hawatashika simu.

Kwa wale wakubwa wanaopanga hizo kampeni kutoka ghorofa za Upper Hill na Westlands, 1993 inawaambia haya. Mkibanwa bajeti, msikate watu wanaokutana na wateja, kateni mabango. Kabla ya kutafuta mteja mpya, ulizeni waliobaki kwa nini wamebaki, na walioondoka kwa nini waliondoka. Toeni ada moja inayoudhi na mseme mmeitoa, itafanya kazi kuliko tangazo la dakika nzima kabla ya taarifa ya habari. Mkiuza mkopo, semeni gharama yake yote kwa shilingi, si kwa asilimia ya siku iliyofichwa chini kwa herufi za sisimizi. Na mtu asiyefaa kukopa mwezi huu, mwambieni hivyo. Ataudhika leo. Mambo yakimnyookea, atakumbuka nani hakumzamisha.

Zaidi ya yote, mpeni huyo kijana wa tisheti ruhusa ya kurudi ofisini na habari mbaya. Yeye ndiye anasikia kila siku: "ada zenu ni nyingi," "niliwahi kuchomwa," "sina haja ya akaunti, nina haja ya kazi." Hiyo ni tafiti ya bure inayotembea kwa miguu mjini kote, halafu jioni anaulizwa swali moja tu, amefungua ngapi. Equity ililazimika kufilisika ndipo isikize habari kama hiyo. Si lazima kila mtu apitie hapo.

Kizazi chetu hakidanganyiki rahisi. Tulikua tukiona wazazi wakipanga foleni nje ya Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Juni 2024 tulisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu kwenye simu zetu, tukatoka barabarani. Watu waliosoma mswada wote hawashindwi kusoma masharti ya mkopo wenu.

Kwa hivyo ukinikuta stendi na fomu yako, niulize kwanza pesa zangu zinaishia wapi kila mwezi na ni nini kinanitia hofu, kisha uende na hilo jibu kwa bosi wako. Ukirudi na kitu kinacholingana nalo, nitajaza fomu mwenyewe.